Mlio Usiokuwepo

Kule hospitali ya mlimani walimwita Baba Mashuka, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni tu. Kazi yake ilikuwa kupandisha mashuka safi kutoka kiwanda cha kufulia na kuteremsha machafu, safari mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Mkewe alikuwa amefariki miaka saba nyuma. Binti yake wa pekee aliolewa mbali. Kila Jumapili alipiga simu akauliza kama baba amekula, baba akasema amekula, wakaagana. Chumbani mwake mlikuwa na viti viwili, na kimoja alikitumia kuwekea kofia.

Basi gari lake likaanza kutetemeka. Kila alipokata kona kali lilijikaza kama punda aliyegoma, na chini kukanuka oili iliyoungua. Ofisi ikamtuma gereji.

Fundi wa pale alikuwa mtu wa makamo, mdomo wake haukujua likizo. Alilipandisha gari juu, akavuta kreti la soda, akamketisha mzee chini ya tumbo la gari lake mwenyewe.

"Tazama, mzee wangu. Siku zote gari hili huvutwa na magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanafuata tu, kama bwana aliyeburutwa dukani na mkewe. Lakini unaona propela hii, chuma hiki kirefu kinachozunguka? Imetoka kwenye gia boksi mpaka nyuma. Hapa, kabla ya difu, ile gia ya magurudumu ya nyuma, kuna kikopo. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazoogelea kwenye oili, nusu zimeshikwa na propela, nusu na difu. Zikiachana, nyuma hakupati nguvu. Zikibanwa, nyuma nako kunasukuma."

"Nani anazibana? Mimi sina hata kitufe."

"Ee, hapo umeuliza!" Fundi akapiga paja. "Kompyuta. Kila gurudumu lina sensa ya kuhesabu mizunguko. Ya mbele yakizunguka kupita ya nyuma, kompyuta inajua mbele kunateleza. Inabana. Utelezi ukiisha, inaachia. Kufumba na kufumbua, na wewe dereva huna habari."

"Sasa mbona linajikaza barabara ikiwa kavu?"

"Matairi nani alikufungia?"

"Ofisini. Mawili mapya, nyuma. Ya mbele walisema bado yanafaa."

"Yanafaa wapi? Kipara kitupu! Tairi lililolika limepungua kimo, na mfupi akitembea na mrefu lazima apige hatua nyingi zaidi. Kompyuta haina macho. Inahesabu mizunguko ya mbele, inadhani umekwama matopeni kutwa nzima. Inabana, inabana, oili inaungua."

Wakabadilisha oili, wakafunga matairi manne yaliyolingana, na gari likakata kona kwa ulaini. Njiani Baba Mashuka alitazama saa. Alikuwa amekaa pale saa nzima na nusu, akizungumzishwa. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumpa muda kama huo.

Wiki iliyofuata alirudi. "Nasikia mlio, fundi, upande wa nyuma." Fundi akaingia chini, hakuona kitu, akamweleza habari za beringi. Wiki nyingine mlio ulihamia mbele. Safari ya nne fundi aliketi naye ndani ya gari, akazunguka uwanja wa gereji, usukani umekatwa mpaka mwisho, kulia, kisha kushoto. Akazima injini.

"Mzee wangu, gari ni zima."

"Ule mlio..."

"Hakuna mlio." Alisema polepole, bila ukali. "Nyumbani uko na nani?"

Baba Mashuka akaangalia mikono yake juu ya magoti. Uso ulimwaka moto. Mtoto akinaswa katika uongo hulia, yakaisha; yeye mwenye mvi angelilia wapi?

"Niko tu," akasema.

"Njoo Jumamosi. Usije na gari. Njoo tu tupige soga."

Jumamosi alinyoa ndevu, akapiga shati pasi, akaenda kwa miguu. Fundi alifurahi kwelikweli, akamfutia benchi kwa kitambaa. "Kaa, mzee wangu, nakuja sasa hivi." Lakini wateja walikuwa wanne, kila mmoja na gari lake lililofunguliwa, na yale maelezo matamu yaligawiwa kwao. Mara mbili fundi alipita na kumpungia spana. Baba Mashuka alikaa mpaka kivuli kikahama benchini. Hakukasirika. Aliona tu kwamba hana cha kuuliza. Akanyanyuka, akaondoka taratibu asije akaonekana, na gereji hakwenda tena.

Mvua zikafika. Asubuhi moja, kwenye mpando wa mwisho, njia yote ilikuwa tope jekundu. Magurudumu ya mbele yakateleza, pua ya gari ikaelekea mtaroni. Kisha akausikia mgongoni: msukumo, kama mtu aliyeegemeza bega. Sahani zimebanwa, akajua. Gari likajinyoosha, likapanda.

Alifika stoo ya hospitali moyo ukidunda. Mama mtunza stoo, aliyepokea mashuka kutoka kwake kwa miaka tisa, alikuwa akitafuta kalamu.

"Leo magurudumu ya nyuma yameniokoa," Baba Mashuka akamwambia. "Unajua, kwa kawaida hayafanyi kazi. Kuna sahani ndani ya oili..." Akaendelea, mikono yote miwili ikionyesha jinsi zinavyobanana.

Mama akaacha kutafuta kalamu. "Kumbe wewe huongea! Miaka yote hii mie nikajua hupendi watu. Ndiyo maana hatukusumbui."

Baba Mashuka akanyanyua bunda la mashuka, akabaki nalo kifuani, asijue aliweke wapi.

"Sikuzoea tu," akasema.

Muuguzi akaita kutoka ukumbini, mashuka yanasubiriwa. Mama akaipata kalamu, akatia sahihi. "Kesho utanimalizia habari za hizo sahani," akasema, akalipokea bunda, akaondoka nalo mbio. Huenda alimaanisha kweli. Huenda ni maneno ya kuagana tu. Baba Mashuka alipakia machafu, akafunga mlango wa nyuma, akateremka mlima kwa gia nzito, akiyapanga maneno yake tangu mwanzo.