Meza Kubwa Ilinifikisha Mpaka Murang'a

Hadi leo nikipita Murang'a kwa gari huwa nainama kama mtu aliyeangusha sarafu chini ya kiti, na sababu ni aibu, aibu tupu, msinitafutie jina lingine zuri. Nitawaambia kwa sababu nyinyi ni marafiki, na pia kwa sababu najua wengine wenu mliiona ile video (msijifanye).

Niko na duka la agrovet hapa Nyeri mjini. Nauza dairy meal (chakula cha ng'ombe wa maziwa), mbegu, sindano za ng'ombe na dawa ya kupe, na wateja wangu wengi ni wakulima wa Tetu. Kila Jumamosi alasiri tulikuwa tunacheza poka nyuma ya bucha ya rafiki yangu Gitonga, watu watano, na ukiingia na mia tano unaitwa tajiri. Kwa asiyejua, katika poka unapewa kadi mbili za siri, zingine tano zinafunuliwa mezani za wote, na kila hatua mnaongeza pesa. Mwenye kadi kali anachukua zote, ama mwenye uso mgumu, maana ukiogopa unatupa kadi zako na ulichoweka kinabaki huko huko.

Pale kwa Gitonga nilikuwa nawashinda karibu kila wiki. Gitonga akidanganya hukuna shingo, mwalimu mmoja tunayecheza naye akiwa na kadi nzuri huacha kutafuna nyama, na mimi nikaanza kuamini niko na akili ya ajabu, kumbe ni vile tu nimekaa na hao watu miaka mingi.

"Muriithi, wewe umetumaliza," Gitonga akaniambia siku moja akinoa kisu. "Kuna meza ya wakubwa pale kwa hoteli, Alhamisi mchana. Kuingia ni elfu hamsini. Si upande meza hiyo?"

Mtu mwenye busara angecheka. Mimi nililala nikiwaza. Elfu hamsini nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya kulipa lori ya dairy meal ambayo ingekuja hiyo Alhamisi jioni, na nikajiambia naiazima tu, nitacheza kidogo, lori ikifika nimerudi na pesa yake na ingine juu. Basi Alhamisi nikavaa koti la harusi yangu, nikafunga duka, nikabandika karatasi mlangoni: TUKO MAZISHI, TUTAFUNGUA BAADAYE. (Mazishi ya nani, sikuwa nimefikiria.)

Chumba kilikuwa nyuma ya hoteli, kina zulia na meza ya kitambaa kijani. Kulikuwa na wakili mmoja, wanaume wanne wa mambo ya mashamba na ploti, na mama mmoja wa rika la mama yangu, amejifunga kitambaa kichwani, amevaa sweta ya kufumwa. Wote walikuwa wanamwita Mama Njoki. Baadaye nilijua ana malori ya kubeba majani chai. Mimi nilimuona nikafikiri, huyu ndiye nitaanza naye.

"Karibu, baba," akaniambia vizuri kabisa. "Wewe unafanya kazi gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema nauza dawa ya kupe, na hakuna mtu angekufa. Lakini niliangalia saa ya wakili, nikaangalia mikono yangu inayonuka dawa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi ni kontrakta. Niko na mjengo Murang'a." Nilisema Murang'a kwa sababu niliona ni mbali, nani ataenda kuangalia?

"Aa! Murang'a ndiko kwangu," akasema Mama Njoki.

Mchezo ukaanza. Zile chipu za plastiki nilizopewa badala ya pesa yangu (si za viazi) zilikuwa mbele yangu, na kila nikishika moja naona gunia la dairy meal. Kadi ambazo kwa Gitonga ningezicheza nikiimba, hapo nilizitupa. Mtu akiongeza, natupa. Mtu akikohoa, natupa. Mmoja wa wale wa ploti akasema, "Kontrakta, kwani tenda zimekauka?" na meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka pia, sikio likiwaka moto.

Halafu nikapewa wafalme wawili. Zile kadi tatu za kwanza zikafunuliwa: mfalme mwingine, tisa na nane. Wafalme watatu! Nikaongeza. Wengine wakatupa, Mama Njoki akafuata kwa kuweka kiasi hicho hicho, polepole, kama mtu anayenunua sukuma wiki. Kadi ya nne ikawa saba. Hapo yeye akaongeza, na akaongeza kubwa.

Sasa sikilizeni. Saba, nane, tisa, hizo zinafuatana, na mtu akiwa na kumi na jeki, ile inayofuata kumi, mkononi amekamilisha kadi tano za kufuatana, na hizo zinapiga wafalme watatu. Nililiona hilo. Wallahi nililiona. Kwa Gitonga ningesema "leo si yangu" nikatupa nikaendelea na nyama. Lakini kontrakta mwenye mjengo wa ghorofa atatupa wafalme watatu mbele ya watu waliomcheka? Nikafuata. Kadi ya tano ikawa mbili, haina maana, na kabla mama aseme kitu nikasukuma chipu zangu zote katikati, nikasema kwa sauti nzito ambayo si yangu, "Sisi tumezoea hatari."

Akanitazama. "Uko sure, baba?"

"Kabisa, mama."

Akageuza kumi na jeki.

Sikumbuki kusimama, lakini nilikuwa nimesimama. Pesa ya lori ilikuwa imeenda na hata chai ya hoteli sikuwa nimemaliza. Nilikuwa nataka tu kufika mlangoni, lakini Mama Njoki naye akawa anakusanya vitu vyake.

"Pole sana. Umekuja na gari?"

"Gari iko gereji," nikasema. (Gari gani? Mimi nina baiskeli.)

"Basi twende pamoja, si ni Murang'a? Hata nilikuwa nataka kuona kazi yako, niko na ukuta nataka kujengewa."

Nikaanza kusema niko na shughuli kidogo mjini, akasema shughuli zitangoja, na wale wanaume wote walikuwa wananiangalia. Ningesema ukweli hapo, ungenigharimu kicheko kimoja cha watu sita. Nikaingia kwa gari.

Alikuwa na dereva, mzee mtulivu, na alikuwa na nduma za kuchemsha kwa mkoba, akanimegea, akanimiminia chai ya thermos, akaniuliza kama mama yangu yuko salama. Tukapita Karatina, tukapita Sagana, na mimi natafuna nduma za mtu niliyemdanganya nikiomba Mungu alete mvua kubwa. Jua likazidi kuwaka.

"Mjengo wako uko upande gani?" akauliza tulipokaribia mjini.

Kando ya barabara kulikuwa na ghorofa haijaisha, miti imeshikilia slabu ya zege. Mpango wangu ulikuwa nionyeshe tu kwa kidole na tupite. "Ni hiyo hapo," nikasema.

"Simama," akamwambia dereva.

Watu wa mjengo walikuwa wamekaa juu ya mawe, kama kumi hivi, hakuna anayefanya kazi, na ningekuwa na akili ningejiuliza ni kwa nini. Mama Njoki akashuka kwanza, akaingia akiwa na furaha, akasema kwa nguvu, "Hamjambo vijana? Nimewaletea kontrakta wenu!"

Halafu mmoja akasimama. "Huyu ndiye?"

"Ndiye yule wa simu?"

Kumbe kontrakta wao hawakuwa wamewahi kumuona. Alikuwa anaongea na nyapara kwa simu tu, na kwa wiki nyingi alikuwa akiwaambia pesa inakuja. Nyapara, jitu la kofia ya njano, akaja akasimama mbele yangu. "Ongea nisikie sauti."

"Ha-hamjambo," nikasema.

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Fungeni hapo!"

Wakaziba lango na wilbaro mbili. Wakanizunguka. Wa bodaboda wakasimama barabarani kuangalia, mama wa githeri akaacha sufuria akaja na mwiko, maana hao vijana walikuwa wamekula kwake kwa deni wakisema kontrakta atalipa, na simu zikatolewa, na ndiyo hiyo video. Mtu ameshika koti langu la harusi. Mimi nikapaza sauti mpaka ikakatika: "Mimi si kontrakta! Nauza dawa ya kupe! Nyeri! Nauza dawa ya kupe!"

Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mama Njoki yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesoma kitu cha maandishi madogo.

"Kama ni ukweli," nyapara akasema, "piga simu kwa mtu anakujua. Na uweke spika."

Ningempigia nani? Gitonga hakushika. Nikampigia mke wangu.

"Mama Shiru," nikasema, "tafadhali waambie hawa watu mimi hufanya kazi gani."

"Si unauza dawa ya ng'ombe? Kwani umegongwa na kitu?" Sauti yake ikajaa mjengo mzima. "Na Baba Shiru, uko wapi? Nimepita dukani nikakuta umeandika mazishi. Nani amekufa? Nimepigia mpaka watu wa kwenu, mama yako analia!"

"Niko Murang'a."

"Ati Murang'a? Na lori ya dairy meal imefika, mwenye lori anataka hela yake. Ulisema uko nayo. Pesa iko wapi?"

Nikakata simu. Nilimuona Mama Njoki amegeuza uso akitazama barabara.

Koti langu likaachiliwa. Nyapara akatoa wilbaro moja, akasema, "Enda nyumbani, mzee. Pole." Watu wasiolipwa ndio wananiambia mimi pole. Na nikiwa natoka nikamsikia kijana mmoja kando ya ukuta akiongea kwa simu yake, kwa sauti ya chini: "Hapana, si yeye. Nimesema si yeye. Rudisha huo unga dukani." Alikuwa amempigia mke wake akamwambia kontrakta amefika. Kupigwa ningevumilia. Hiyo ndiyo inanirudia nikijaribu kulala.

Mama Njoki alinikuta kando ya gari. "Pesa ya kadi sirudishi," akasema. "Nimeishinda, na ningepoteza hungenirudishia." Nikasema ni kweli, mama. "Lakini kitu kimoja sielewi. Ungesema tu unauza dawa ya ng'ombe. Mimi niko na ng'ombe kumi na nne, na yule huniletea dawa ni mwizi. Tungeongea biashara." Akanipa nauli ya kurudi, akaingia kwa gari lake. Ukuta hakuutaja tena, na namba yangu hakuomba.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu hajapika na hapigi kelele, na nyinyi mlio na wake mnajua ni heri kelele. Nikamwambia yote, mpaka nduma. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Na hiyo meza, walikuambia ukitaka kuinuka huwezi?" Nikasema hapana, ningeinuka wakati wowote. Akaenda kulala.

Asubuhi akaja na mimi dukani, akang'oa ile karatasi ya mazishi, akakaa kwa kiti cha nyuma akifuma sweta. Lori ilikuwa imerudi na mzigo wake. Mteja wa kwanza alikuwa mzee Ndirangu wa Tetu, ambaye hunijia tangu nifungue, akaniomba magunia mawili ya dairy meal. Nikafungua mdomo niseme itakuja kesho, barabara ni mbaya, kiwanda kimechelewa. Nikasikia sindano za kufuma zimesimama nyuma yangu.

"Sina, mzee," nikasema. "Pesa ya kuleta niliichezea kadi."

Mzee akaweka kofia yake juu ya kaunta. Akaniangalia, akaangalia pale magunia hukaa, patupu, akaniangalia tena.

"Sasa ng'ombe niende nikaiambie nini?" akauliza, na hakuwa anafanya mzaha, alikuwa anataka jibu kweli.

Nikachukua ufagio, nikafagia hapo miguuni pake. Na ndiyo maana, wakati wowote mtu ananiambia Muriithi, wewe ni mkali, panda meza kubwa, mimi huwa nachukua ufagio nafagia duka ambalo tayari ni safi.