Nusu ya Karakana ya Plau

Mwaka 1986, biashara ilipoanza kufunguliwa, kampuni moja ya Ulaya ilitaka kujenga karakana ya plau mjini Shinyanga. Katika nchi nyingine kampuni hiyo haikugawana umiliki na mtu. Hapa ilikuwa tayari kumpa nusu nzima Mwanaidi, mjane aliyeuza plau na minyororo ya maksai sokoni.

"Kwa nini mimi?" aliuliza.

Bwana Halder, mwakilishi wao, aliangalia viatu vyake. "Tumesikia ofisi za hapa hazitoi kibali bila chai. Sisi tukikamatwa, kwetu ni kashfa. Mbia mwenyeji anajua kuzungumza nao."

Mwanaidi akaelewa: mikono yao ibaki safi, yake ichafuke. Alikasirika, lakini karakana aliitaka.

"Andikeni kwamba kibali kikipatikana, nusu ni yangu. Nitakipataje, niachieni mwenyewe." Wakatia sahihi mkataba wenye maneno hayo.

Afisa wa leseni alimwambia faili halionekani, ila mtu akiwa mwelewa huenda likaonekana.

"Basi nitasubiri, mwanangu," akajibu, akakaa kwenye benchi la mlangoni akifuma kitambaa. Kesho yake akarudi. Duka alimwachia binti yake, Chausiku, naye akawa anawaelekeza wateja mama yake aliko.

Wakaanza kumfuata huko. "Mwangaluka, mayu!" Makoye, mkulima wa Ushetu, alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Plau za karakana yako lini? Mvua hizo zinakuja."

"Faili limepotea, baba. Kamuulize bwana mkubwa humo ndani."

Makoye akaingia kuuliza. Baada yake wakaingia wengine, fimbo mkononi, kwa adabu zote, kila mmoja akitaka kujua faili limepotelea wapi. Wiki haikuisha, faili likaonekana na kibali kikagongwa muhuri.

Halder alirudi na habari nyingine. "Makao makuu wanasema, kama mlango umefunguka bila chai, mbia wa nini tena? Wanataka kuinunua nusu yako."

"Mlidhani mnanipa ili nihonge kwa niaba yenu," alisema Mwanaidi. "Mkataba unasema kibali. Kibali kile pale ukutani. Siuzi, baba."

Halder akacheka mpaka akavua miwani. "Nitawaandikia hivyo hivyo."

Wakubwa wa Ulaya walinung'unika weee, mwishowe wakakubali. Msimu uliofuata Mwanaidi alisimama mlangoni mwa karakana, nyundo zikilia nyuma yake, akimtazama Makoye akipakia plau mpya kwenye mkokoteni. Akaagiza soda, yake na ya Halder, wakakaa kivulini wakinywa, roho yake kwatu.