Mama Anayesema Mbele ya Muziki

Kasonia aliingia ofisini, kwenye bureau ya Blaise, bila kupiga hodi. Basi ujue mambo yameharibika, maana mzee huyu, fundi wa kushona wa mtaa wa Kimemi kule Butembo, hupiga hodi hata kwenye mlango wa nyumba yake. Akatupa flashi juu ya meza.

«Bibi yangu eko wapi?»

Blaise, agent wa serikali aliyeletwa Beni kutoka Kisangani ili kukusanya muziki wa zamani, akashangaa. «Papa Kasonia, mais bibi yako si alikufaka?»

«Najua alikufa! Miye njo nilimuzika! Nakuuliza sauti yake!»

Hasira hiyo haikutoka hewani. Miaka ishirini na tano Kasonia alibeba redio ya kaseti begani popote palipolia ngoma: arusi za Kayna, matanga ya Mutwanga, mabaa ya Butembo siku za sikukuu. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Na kila mara, kabla ya muziki kuanza, Hulda, bibi yake wa ndoa, alisogea kwenye redio akasema: leo ni tarehe fulani, tuko kwa fulani, anayepiga likembe, kile kinanda cha vidole, ni Sikuli, baba yake ni fulani wa kilima fulani, na bale batoto ba makelele ni ba jirani, musibakasirikie. Eeh, Hulda alikuwa mtu wa maneno! Wapigaji walichoka kungoja, wakaanza kupiga, naye bado yuko kwenye majina ya mababu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kasonia alikunja uso, kumbe moyoni alikuwa anafurahi.

Hulda amekufa miaka minane sasa. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Kasonia aliweka kaseti moja, akamsikiliza Hulda, halafu akaizima kabla muziki haujaanza. Hata watoto wake hawakujua.

Lakini ukungu ukaanza kula kaseti. Blaise alipofika Butembo na kuahidi kuzihamisha zote, sabini na tatu, kwenye flashi moja, mzee alikubali, akamkaribisha kiti na chai. Juzi flashi ikarudi. Binti yake Nadège akaichomeka kwenye redio mpya, na muziki ukatoka safi kabisa. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa kumi. Walisikiliza mpaka mwisho. Neno la Hulda, hata moja, hakuna.

«Kaseti zangu ziko wapi?» Kasonia akauliza.

Blaise akainamisha kichwa. «Tulizichoma, Papa. Ukungu ungeingia mu zingine. Njo vile tunafanyaka.»

«Mulichoma!» Mzee akapiga meza, kalamu zikaruka. «Mulichoma bila hata kuniita! Nani alikupa ruhusa ya kukata maneno ya mama yule?»

Blaise akavuta droo, akatoa daftari, akafungua ukurasa wa siku ile ya Kimemi, akasoma polepole: «Mzee anasema, kule mbele kuna mama mumoja wa makelele, musimujali, anaharibu muziki tu.» Akainua macho. «Njo weye ulisema, Papa.»

Kasonia akalitazama daftari. Ndiyo, maneno yale aliyasema yeye. Sasa mgeni amekaa kwenye kiti chako na shati lake la bureau, utamwambia nini? Kwamba bibi yako anasema vizuri kuliko wote? Mwanaume wa kwetu hasifu bibi yake mbele ya mgeni! Anamshusha kidogo, mgeni anacheka, anakataa: hapana Papa, mama anasema vizuri. Hapo ndipo mwenye nyumba anapata sifa yake bila aibu. Na huyu, badala ya kukataa, aliandika!

«Mujinga weye!» Kasonia akasema. «Ungenikatalia!»

«Mais kwetu mutu akisema kitu, tunaandika.»

«Basi na miye ni mujinga kukupita.» Miaka yote ya ndoa alingoja wageni wamsifu Hulda kwa niaba yake. Yeye mwenyewe hakumwambia hata siku moja. Jambo hilo lilimchoma kuliko moto wa Blaise.

Akavuta kiti, akakaa. «Toa telefone. Shika sauti yangu, na usikate kitu.»

Blaise akaiweka mezani.

«Leo ni siku ya ine, Alhamisi,» Kasonia akaanza, «tuko Beni, mu bureau ya mutu hajui heshima. Wimbo wa kwanza ni wa Mutwanga, matanga ya mzee Kahongya, likembe ni Sikuli. Wa pili ni wa Kayna, arusi ya Virginie. Wa tatu…» Akatafuta. Akatafuta tena. «Wa tatu sijui. Hulda njo alijua.» Akapangusa uso kwa kiganja. «Mama wa makelele ni Hulda, bibi yangu. Alisema vizuri. Alisema vizuri kupita bote balipiga.»

Blaise akanyoosha kidole azime.

«Acha! Sasa weye jibu.»

«Nijibu nini, Papa?»

«Ulimusikia mara sabini na tatu. Jibu!»

Blaise akaisogelea telefone. «Mama alisema vizuri, Papa. Alinichekesha sana.»

«Ile siku njo ungesema,» Kasonia akamjibu.