Mama Alipokwenda Kuzitazama Karatasi za Baba

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa akiandika hadithi za watoto. Hadi leo wako watu wazima hapa Tanga ambao, wakijua mimi ni binti yake, hunitajia mnyama huyu au yule wa kwenye vitabu vyake kwa mapenzi, kana kwamba walikua naye mtaa mmoja. Alipofariki alituachia nyumba ya Makorora, nguo chache na kabati lililojaa karatasi.

Mchwa ndio waliotuamulia. Siku mama alipovuta droo ya chini ikamvunjikia mkononi, tulikubali ombi la maktaba moja ya mjini iliyotaka kuzihifadhi karatasi zile. Wakaja na maboksi, wakachukua rasimu, barua za wasomaji, michoro ya penseli, hata risiti za duka alizoandika mistari nyuma yake. Mama alisimama mlangoni mpaka gari likapinda kona.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta keshavaa baibui.

"Twende," akaniambia.

"Wapi, mama?"

"Nikaone wamewaweka vipi."

Alisema *wamewaweka*, si *wameziweka*. Nikatafuta bajaji.

Msichana aliyetupokea, mtunza nyaraka wa pale, alimwamkia mama shikamoo kwa adabu, kisha akatueleza masharti. Mikoba tuiache nje, mikono tunawe na kuikausha, na tukitaka kuandika tutumie penseli tu. Mama alinawa huku akinitupia jicho la pembeni. Nilijua anawaza nini. Karatasi hizo hizo aliwahi kuzipangusa chai kwa upindo wa kanga yake.

Aliomba hadithi ya kaa aliyeogopa maji. Tukaletewa jalada, rasimu zimepangwa moja baada ya nyingine, safi. Katika ile ya kwanza kaa anachukuliwa na maji, harudi tena. Chini yake, kwa wino mwekundu na herufi kubwa zilizopinda, palikuwa pameandikwa: SIPENDI.

"Mwandiko wa nani huu?" mama akauliza.

Ilinichukua muda kuutambua. Ulikuwa wangu. Baba alikuwa akimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, hunipa ile kalamu nyekundu pamoja na kurasa zake, akisema, "Haya mwalimu, nami nisahihishe." Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikafungua rasimu iliyofuata. Kaa alirudi nyumbani, gando moja limekatika, lakini alirudi.

Niliusoma tena ukurasa ule. Wakati ule nilidhani ulikuwa mchezo tu, wa kunituliza nisimsumbue mama jikoni. Kumbe baba alikuwa ananisikiliza.

Mama alilivuta jalada upande wake akaanza kusoma, na hakusoma kimyakimya. Hadithi zile hazikupata kusomwa kimya nyumbani kwetu. Alipofika mahali palipoandikwa "hapa kaa anaimba," na maneno ya wimbo chini yake, akaimba kweli, polepole:

*Maji yamekupwa, maji yamejaa,*
*kaa mlangoni bado amekaa.*

Nilitegemea tutakatazwa. Badala yake msichana yule aliinuka, akaja mpaka mezani kwetu.

"Mama, kumbe unaijua sauti ya wimbo huu? Sisi hapa tuna maneno tu."

"Sauti niliitia mimi. Mwenyewe alikuwa hajui kuimba, maskini."

"Naomba basi nikurekodi, hata kwa simu. Tuuweke pamoja na karatasi."

Mama alilifunga jalada taratibu. "Hapana, mwanangu. Karatasi tumewapa, na mmezitunza, nimeona kwa macho yangu. Mungu awajaalie. Lakini wimbo huu niliwaimbia wanangu. Huu niachie."

"Mama," nikaingilia, "lakini siku ukiwa..."

"Siku nikiwa nini? Malizia."

Nikamsogezea msichana jalada. Msichana naye hakubembeleza. Alimshukuru, akatusindikiza mpaka mlangoni.

Njiani nilikuwa na hasira kidogo. Niliona anaacha kitu kipotee kwa ukaidi tu. Lakini nilipozidi kufikiri, nikaona kwamba baba aliwaandikia watoto asiowajua na asiotarajia kuwaona. Mama alituimbia sisi, tuliokuwa mbele yake, wenye kamasi na njaa. Vilitoka nyumba moja, ila havikuwa kitu kimoja, na yeye alijua tofauti yake kabla yangu.

Tulipofika nyumbani aliketi kuchambua mchele. Nikakaa karibu yake.

"Basi nifundishe mimi."

"Wewe si ulikuwa unaujua?"

"Nimesahau."

Alinitazama kidogo, akaushusha ungo mapajani, akaanza. Nikamfuatisha. Hatukufika mbali akanikatiza.

"Unaukimbiza. Huyu kaa anaogopa, haendi mbio. Rudia."

Nikarudia.