Nilivyomhamisha Mwalimu Hendriki kwa Kalamu

Jamani, hili jambo nilitaka nife nalo, ila kwa kuwa nusu ya watu wa kwetu Endagikot wameshalisimulia na kila mmoja anaongeza chumvi yake (kuna aliyesema nilifungwa pingu, na si kweli), bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu. Nilimhamisha mzee wa watu kwa kalamu, yeye amekaa zake kibarazani anakunywa chai, na nikakaribia kumfukuzisha nchini.

Mzee mwenyewe ni Mwalimu Hendriki. Alikuja kutoka Ulaya akiwa kijana, akatufundisha useremala shuleni miaka mingi, akastaafu akarudi kwao, akajaribu kuishi huko akashindwa (anasema kule mtu anaweza kumaliza wiki hajaamkiwa na yeyote), basi akaomba kibali cha ukaazi akarudi Mbulu, safari hii akae mpaka mwisho wake. Ana miaka sabini na sita, magoti yamechoka, na alipochoshwa na kelele za mjini ni mimi niliyempa chumba cha uani kwangu, mimi niliyekuwa mwanafunzi mbishi kuliko wote darasani kwake.

Sasa mgeni mstaafu kama yeye akihama nyumba lazima aripoti uhamiaji anakaa wapi, na kuna muda uliowekwa. Mwalimu kwa mambo ya sheria ni mtu wa rula. Mizigo yake haijamaliza kushushwa, tayari ananiambia, "Baba Neema, twende tukatoe taarifa. Wakinifutia kibali sina pengine pa kwenda." Nami shambani maharage yamekauka yanataka kupasukia chini, mke wangu ameshaninunia tangu asubuhi, nikajibu kwa kifua kipana kabisa, "Mwalimu, hilo niachie mimi. Fomu naichukua, naijaza, wewe unaweka sahihi tu." Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Fomu nikaichukua kweli. Ikauliza mtaa, ikauliza namba ya nyumba. Kibao cha namba cha nyumba yangu mbuzi walishakisugua pembe mpaka kikadondoka, sijui kiko wapi, na balozi wetu wa nyumba kumi, wa kuniambia namba, alikuwa Maretadu kwa wakwe zake, naye anavuna. Nikawaza nimsubiri siku mbili tatu. Halafu nikawaza, kwani Safari si yupo?

Hapa lazima niwaeleze msio wa kwetu. Sisi ng'ombe wote hatuwaweki nyumbani. Wawili unao zizini kwako, mmoja yuko kwa rafiki, mwingine yuko kwa rafiki mwingine, ugonjwa ukiingia usiwamalize wote, na pia (tuseme ukweli) jirani asijue una wangapi. Rafiki anakamua maziwa yake, ng'ombe anabaki wako, na akija mtu na daftari kuuliza, rafiki anajibu bila kupepesa macho kwamba ni wake. Safari ndiye anayenitunzia ng'ombe wangu mwekundu, anakaa pale mjini kando ya barabara, na nyumba yake ina kibao kinachong'aa chenye namba. Kwa akili yangu mbovu nikaona kama ng'ombe wangu anaweza kulala kwa Safari akawa wangu, basi Mwalimu naye anaweza kulala kwangu akaandikwa kwa Safari. Nikaandika. Mwalimu miwani yake ilikuwa bado sandukuni, akaniuliza, "Umejaza sawasawa?" nikasema sawasawa, akatia sahihi kwa kuniamini, nami nikaipeleka uhamiaji. Safari nikampigia simu nikamwambia akiulizwa aseme ndiyo. Hakuuliza hata ni kuhusu nini, akasema ndiyo.

Wiki ikapita. Siku ya tatu ya wiki ya pili, saa saba mchana, niko juu ya lundo la maharage napiga kwa fimbo, simu ikaita. Ni Safari, ananong'ona. "Amekuja dada wa uhamiaji na gari. Anamtaka mzee wako, anataka kuona anapokaa."

"Umemwambiaje?"

"Nimesema yupo, amelala."

"Saa saba mchana?"

"Nifanyeje? Nimezoea ng'ombe! Sasa anasema atasubiri aamke, nimempa chai. Mlete upesi, mpitishe nyuma."

Hata wakati ule ningeweza kwenda mwenyewe nikasema ukweli, lakini mimi nikishaanza ujinga huwa naumaliza. Nikaita bodaboda, nikampandisha Mwalimu katikati, mimi nyuma nimemshikilia kama gunia, namwambia tunakwenda kumsalimia Safari. Akasema, "Vizuri, ila mbona una maganda ya maharage kichwani?" Nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Tukashukia nyuma ya nyumba. Na nyumba ya Safari mlango wa nyuma unapitia chumba cha ng'ombe, giza totoro, na ng'ombe wangu mwekundu ana ndama mchanga. Nikamwambia Mwalimu polepole, "Pita hapa, chumba kinachofuata kuna kitanda, jilaze kidogo." Akasimama. "Nijilaze? Kwa nini nijilaze kwa Safari?" Kabla sijapata uongo mwingine, akakanyaga mkia wa ndama, ndama akalia, mama yake akageuka na pembe zake, nami kwa kumkinga mzee nikateleza nikakaa kwenye mavi yenye joto lake, na ng'ombe kwa kukosa wa kumpiga akaona mwanga akaufuata. Mwanga wenyewe ulikuwa sebule.

Niliyoyasikia sitayasahau. Vikombe, kiti, sauti ya Safari ikisema "shika, shika!" na wale mama wanaouza ndizi barabarani wakikimbilia mlangoni kuangalia. Nilipotoka nimepakaa samadi kuanzia mgongoni mpaka visigino, ng'ombe amesimama katikati ya sebule na kitambaa cha meza kwenye pembe yake, yule dada yuko juu ya kochi na faili lake kifuani, na Mwalimu Hendriki nyuma yangu, kofia mkononi, ananyoosha nguo.

Dada akashuka kwenye kochi. Hata pale adabu haikumtoka: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Samahani kwa usumbufu."

"Wewe ndiye Hendriki? Unaishi humu?"

Safari akanitolea macho. Na Mwalimu, ambaye tangu niko darasa la tano sijamsikia akisema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa, akasema, "Hapana. Mimi ninaishi Endagikot kwa huyu hapa mchafu."

Dada akafungua faili, akasoma, akamtazama. "Mzee, hii ni sahihi yako. Kutoa anwani ya uongo ni kosa. Kibali chako kinaweza kufutwa."

Nilimwona Mwalimu uso ukimwishia damu. Aliinama akashika ukingo wa kiti, mtu mzima yule, akasema taratibu, "Nimeshauza kila kitu kule." Basi. Mimi kilichonitoka hapo sikukipanga, nikapiga magoti mbele ya watu wote na samadi yangu, nikasema mimi ndiye niliyeandika, mzee hakusoma, na nikaeleza yote, kibao, mbuzi, balozi, maharage, na ng'ombe wanavyolala kwa marafiki.

Dada akasikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Safari. "Na huyu ng'ombe ni wa nani?"

Safari, kwa mazoea, akajibu haraka, "Wangu!"

Mama wa ndizi mmoja alicheka mpaka akakaa chini, wengine wakamfuata, na dada mwenyewe akaweka faili usoni, mabega yanatikisika. Alipotulia akasema kwa ukali wa kujilazimisha kwamba muda wa kuripoti haujaisha, kwamba tutajaza fomu nyingine leo leo, na kwamba ni lazima akaone kwa macho yake chumba anacholala mzee. Nilitaka kumbusu viatu, ila hali yangu haikuruhusu. Nilipanda bodaboda peke yangu, gari lao lilinikataa.

Kule Endagikot dada akaona kitanda, akaona randa na misumeno imepangwa ukutani, akaona miwani imetoka sandukuni. Mke wangu akachimbua kile kibao chini ya kuni (kumbe alikuwa anajua kilipo siku zote, sikumuuliza tu). Mwalimu akasoma fomu mstari kwa mstari kwa sauti, mimi nimewekwa nje dirishani kwa ajili ya harufu. Wakafika pale panapouliza jina la mtu wa karibu wa kuitwa akipatwa na jambo. Nikajua atataja mtu wa Ulaya, au padri. Akataja jina langu lote, na la baba yangu. Dada akauliza, "Uhusiano?"

"Andika mwanangu," akasema, "ila fomu zake nitajaza mimi."

Nililia pale dirishani, sioni haya kusema. Na tangu siku hiyo, mtu akiniletea fomu, hata ya mbolea, namwelekeza chumba cha uani.