Kiraka cha Sikio la Kushoto

Kitunguu saumu kikianza kukaangwa kwenye mafuta ya nazi, mimi natoka jikoni. Wenzangu wa bweni wanadhani nina maringo ya chakula. Siwaambii kwamba harufu ile kwangu si ya chakula, ni ya sikio.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa Bagamoyo mjini kwa shangazi, dada wa marehemu baba, ili nisome. Mama alibaki Kiwangwa na mananasi yake. Shangazi aliuza vitumbua barazani. Asubuhi moja aliniachia kikaango nikiangalie, nikazama kwenye kitabu cha hadithi, vikaungua vyote. Alinizaba kofi la kiganja kizima juu ya sikio la kushoto. Nikasikia kitu kikipasuka kama mfuko wa karatasi, kisha mluzi.

Baada ya siku tatu sikio likaanza kutoa maji, halafu usaha. Ndipo mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu yakaanza. Kila siku baada ya Magharibi alinilaza pajani, akajaribu joto la kijiko kwenye kifundo cha mkono wake, akanimiminia. "Tulia! Mtoto mgumu kama mkia wa samaki taa!" Ikapita zaidi ya mwaka. Darasani hakuna aliyetaka kukaa nami kwa sababu ya harufu, na nisipoitika nyumbani, naambiwa najitia uziwi.

Mama alipokuja Idi alinusa mto wangu tu, akanishika mkono hadi hospitali ya Dar. Shangazi naye akajitanda kanga akafuatana nasi.

"Ngoma ya sikio imetoboka," daktari alisema. "Nani alimpiga huyu?"

"Nani ampige, daktari? Alijichokoa na kijiti," shangazi akawahi.

Daktari alinitazama mimi, akangoja. Nikatazama viatu vyangu. Ukimya ule nauchukia mpaka leo.

Walinilaza usingizi wa dawa, wakachukua kijiutando nyuma ya sikio langu, wakakitia kiraka kwenye tundu. Nikaamka na bandeji kama kilemba. Masharti: maji yasiingie, mafuta yasiingie, nisipenge kamasi, nikipiga chafya nifumbue mdomo. Kiraka kikilowa kinang'oka, na tunarudi mwanzo.

"Kwa hiyo mafuta yangu ndiyo yamekuwa sumu?" shangazi aliuliza, akamgeuzia daktari mgongo.

Mama alinirudisha Bagamoyo nisikose shule, akarudi shambani. Siku ya nne, baada ya Magharibi, nikasikia harufu ile ikitoka jikoni. Shangazi akaja na kijiko.

"Lala hapa. Hao wanajua nini dawa zetu?"

Nililifunika sikio kwa mikono miwili. Akaubandua mmoja. Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani nilijibu kwa kunong'ona, nikamng'ata kidole. Kijiko kikaanguka, mafuta yakaenea mkekani.

"Umening'ata? Mimi? Mbwa we!"

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Watoto walinibwekea nikienda shule, wakanibwekea nikirudi. Nilipita nimeinama, lakini sikio langu kavu.

Siku ya kutolewa pamba ya sikioni, daktari alichungulia kwa muda mrefu. "Kimeshika," akasema. Nje nikasikia kandambili zangu zikipiga sakafu, upande wa kushoto pia. Nikatembea kwa kishindo makusudi.

Sasa niko kidato cha tatu, na kuna jambo nimelielewa. Yale mafuta ya kila jioni, pamoja na kujaribu joto kwenye mkono wake kwanza, yalikuwa ndiyo namna yake ya kuniomba radhi. Neno lenyewe lilimshinda. Nimelielewa, na sitaki kudanganya hapa: halijanilainisha.

Likizo iliyopita alipata wageni. Mmoja akauliza kovu lile nyuma ya sikio langu ni la nini. Nilikuwa uani nikiosha vyombo, nimewapa upande wa kushoto.

"Alijichokoa na kijiti," shangazi alijibu, kwa sauti ya chini.

Nikasikia kila neno.