Namba Kaidi na Gunia la Posta

Mguu wangu wa kulia haujui kutulia. Hata sasa, mzee mzima, nikikaa kuandika unagonga sakafu chini ya meza hadi kikombe kinalia kwenye kisahani. Marehemu mke wangu alikuwa akiweka kiganja juu ya goti langu bila hata kunitazama, na mguu unanyamaza. Akiondoa mkono, unaanza tena.

Miaka ile ya mwisho ya utawala wa Mwingereza nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya misheni karibu na Mpemba, si mbali na mpaka wa Tunduma. Kwetu hasa ni Igamba, ambako ndugu zangu walikuwa wamepanda kahawa, wameezeka mabati na kunenepa. Mimi nilikuwa na bahasha. Nilikuwa nimejiandikisha kusoma hisabati ya chuo kikuu kwa njia ya posta, kwenye chuo kimoja cha Ulaya ambacho sikuwahi kukiona hata kwenye picha. Wanakutumia kitabu na maswali, unajibu, unatuma, na baada ya miezi miwili mitatu majibu yako yanarudi yamechorwa wino mwekundu. Ukimaliza karatasi zote, na mkufunzi akiridhika nawe, anakupendekeza ukafanye mtihani. Asipokupendekeza, safari imeishia hapo.

Niliutaka mtihani ule kwa namna ambayo leo naona haya kuisema. Nilitaka kufundisha vijana wakubwa, mambo makubwa. Nilikuwa nimechoka kugawa machungwa kumi na mawili kwa watoto watatu, mwaka nenda mwaka rudi.

Hesabu haikuwahi kunisumbua. Tangu utotoni nililiona jibu kabla mwalimu hajamaliza swali, nikalisema, nikasifiwa. Kwa hiyo nilipofungua kitabu cha chuo kikuu na kukuta maswali ambayo majibu yake yameshaandikwa, nilicheka peke yangu. Swali linasema: thibitisha kwamba jambo fulani ni kweli. Sasa kama wao wenyewe wamesema ni kweli, mimi niongeze nini? Niliandika mistari mitatu mitatu, nikatuma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kungoja hata moja irudi. Kungoja sikuweza.

Karatasi ya nne niliiandika Jumapili moja baada ya ibada. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka hapo kibarazani, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa ameishia darasa la pili, lakini alikuwa na kichwa kikali, na mdomo mkali zaidi. Nami nilikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti ninachokiandika.

Swali lilihusu namba ambazo siku hizi shuleni huitwa namba tasa. Wakati ule sikujua jina lake kwa Kiswahili, nikaziita namba kaidi. Nilichota maharage sita kwenye ungo wake nikayapanga safu mbili za matatu. "Sita inatii," nikamwambia. Kisha nikachota saba. Uyapange utakavyo, hayakubali kukaa safu kadhaa zilizo sawa. Labda uyanyooshe yote safu moja, au kila harage likae peke yake. "Saba ni kaidi." Nilitakiwa kuthibitisha kwamba namba kaidi hazina mwisho.

"Nani amezihesabu?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi wamejuaje?"

Niliandika huku nasoma: kwa kuwa namba kaidi hazina mwisho, ukinitajia yoyote, iko nyingine inayoizidi.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, hata akinigombeza, "hilo si ndilo walilokutuma ulionyeshe? Umetumwa kuni, unarudi kutuambia kuni zipo."

Nilikasirika. Nilimwambia achambue maharage yake, hisabati aniachie mimi. Akachambua, lakini hakunyamaza. Nikachana karatasi.

"Haya!" nikasema. "Tuseme zina mwisho. Zikusanye zote, uzizidishe zote pamoja, uongeze moja. Umefurahi?"

"Bado. Hiyo moja ya nini?"

"Ili ukiipanga namba hiyo kwa safu za kaidi yeyote uliyemkusanya, libaki harage moja nje."

"Kwa nini libaki?"

Tukaendelea hivyo. Kwa nini? Umejuaje? Na kama namba hiyo mpya nayo si kaidi? Basi lazima ipangike kwa safu za kaidi mwingine ambaye hatukumkusanya! Kila alipouliza nilimjibu kwa ukali, na kalamu ikifuata mdomo, ili mradi anyamaze. Nilichana karatasi nyingine, sikumbuki ngapi; moja ilikwenda jikoni kuwashia moto. Mwishowe nikakusanya zilizobaki mezani, nikazitia kwenye bahasha, nikaifunga bila kusoma tena, nikatoka nje kutembea. Na hasira yote hiyo kwa sababu gani? Mke ameuliza swali.

Jumatatu baada ya vipindi nikapanda baiskeli hadi Tunduma, nikaitumbukiza bahasha, na karani akanipa iliyotoka Ulaya. Sikungoja kufika nyumbani. Niliifungua kando ya barabara, baiskeli ikiwa imeegemea paja, malori ya Rodesia yakinipitia na vumbi lake. Karatasi zote tatu zilikuwa nyekundu kuliko nyeusi. Mkufunzi alikuwa ameandika kwa upole ulioniumiza kuliko tusi: "Katika kila swali umeanzia mahali unapotakiwa kufika. Hujathibitisha kitu. Nitaisoma karatasi yako ya nne kwa makini. Nikikuta kosa hilohilo, nitalazimika kutokupendekeza."

Karatasi ya nne! Ambayo nimetoka kuitumbukiza! Na nilipojaribu kuikumbuka, uliokuja kichwani ulikuwa mstari mmoja tu: kwa kuwa namba kaidi hazina mwisho.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho. "Mstari ule si uliuchana?"

"Nilichana karatasi. Sijui ipi."

"Basi unajuaje imekosewa?"

"Najua!" nikamfokea. Akainuka akaenda kukoroga uji.

Lori la posta lilikuwa likipita kila Jumanne kutoka upande wa pili wa mpaka kwenda Mbeya. Asubuhi hiyo niliwapa wanafunzi hesabu ndefu ya kugawanya na nikakanyaga baiskeli kana kwamba naenda kuzima moto. Lori lilikuwa limeshafika. Dereva alikuwa kwenye benchi anakunywa chai, na ndani ya kile chumba kidogo cha posta gunia lilikuwa sakafuni, bado halijafungwa kwa lakiri.

Karani alikuwa Mnamwanga mfupi mwenye kaptula iliyopigwa pasi vizuri, mtu wa sheria hata kwenye salamu.

"Naomba bahasha yangu ya jana," nikasema. "Ina kosa."

"Barua ikishatumbukizwa ni mali ya Malkia, mwalimu."

"Ni yangu. Niliiandika mimi."

"Nitajuaje?"

"Jina langu liko nyuma."

"Na nitajuaje jina hilo ni lako?"

"Si nimekwambia barua ni yangu?"

Akacheka polepole, akavua miwani. "Kwa hiyo barua ni yako kwa kuwa jina ni lako, na jina ni lako kwa kuwa barua ni yako."

Nilitamani kumrukia, na papo hapo nilitamani ardhi inimeze, maana mtu yule asiyejua chuo kikuu ni mdudu gani alikuwa amenisomea wino mwekundu kwa Kiswahili. Nikasema afungue aone, nitamtajia kilichomo neno kwa neno. Akasema hawezi kufungua mpaka ajue ni yangu. Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja wa upande wa Rodesia na kikapu cha karanga, anangoja stempu. "Mukwai," akaniambia kwa heshima yao ya Kibemba, "barabara haitaondoka. Wewe unakimbizwa na nani?"

"Maji yakimwagika hayazoleki," karani akamalizia. "Lakini lori halijaondoka. Kama kosa unalijua, andika barua nyingine umwambie. Zitasafiri gunia moja."

Niliandika palepale kwenye kaunta kwa kalamu ya posta iliyofungwa kamba, kamba yenyewe fupi, mkono umepinda. Nikamwandikia mkufunzi kwamba karatasi yangu ya nne ina kosa lilelile, kwamba namba kaidi nimeanza kwa kusema hazina mwisho, kwamba namwomba aihesabu kama haikufika, na kwamba nimetambua mimi si mtu wa kazi hii. Sentensi hiyo ya mwisho sikuwa nimeipanga. Ilitoka yenyewe, na nilipoiona imeandikwa niliona unafuu wa ajabu. Karani akaigonga mhuri. Nilisimama barabarani hadi lori likapotea.

Majuma yaliyofuata nilikuwa mtu asiyekalika naye. Niliwakaripia wanafunzi kwa makosa madogo. Nilikuwa nikisikia lori naacha chaki natoka mlangoni. Ndugu yangu alikuja kutoka Igamba na kahawa kidogo ya nyumbani, akanikuta nazunguka uani, akamuuliza mke wangu kama naumwa. "Anangoja," akamjibu. Kitabu cha chuo nilikifungia sandukuni chini ya blanketi, kisha nikakitoa, kisha nikakirudisha. Nilipokuwa nakula, mguu uligonga, na siku hizo mke wangu hakuwa akiweka mkono. Nilijua ni kwa sababu ya kule kumfokea, na sikuomba radhi. Hili linaniuma hadi leo kuliko mtihani wowote.

Bahasha ilikuja masika yakiwa yanaisha. Karani aliishika juu, akanitazama juu ya miwani, kisha akanipa bila kuuliza jina ni la nani. Nadhani alinionea huruma. Nami sikuifungua njiani. Nilikwenda nayo hadi nyumbani, nikaketi kibarazani, nikamwambia mke wangu, "Fungua wewe."

"Nifungue, nisome Kizungu?"

Nikaifungua. Karatasi ya nne ilikuwa safi. Kurasa mbili zilizojaa mwandiko wangu wa hasira, kila mstari na sababu yake, na pembeni hakuna wekundu isipokuwa alama moja ndogo ya vyema mwishoni. Mstari wangu wa kwanza ulisema: tuseme zina mwisho. Chini ya ukurasa wa mwisho mkufunzi alikuwa ameandika, nami nikamtafsiria mke wangu neno kwa neno:

"Huu ni uthibitisho kamili, na ni wa kwanza kutoka kwako. Inaonekana kila hatua ulimjibu mtu asiyekubali kirahisi. Endelea kumwandikia mtu huyo. Ama barua yako ya pili, inadai kwamba karatasi hii ina kosa na kwamba wewe si mtu wa kazi hii. Madai yote mawili hayana ushahidi, kwa hiyo nimeyakataa. Ninangoja karatasi ya tano."

Mke wangu akanigeukia. "Ulimwandikia kwamba wewe ni mjinga?"

"Kwa maneno mengine."

"Akakataa?"

"Amesema sijathibitisha."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nautazama mwandiko wangu, kwa nini libaki, na kama nayo si kaidi, na kila mstari niliusikia kwa sauti yake. Mtu asiyekubali kirahisi. Miezi yote ile nilikuwa nikimtafuta mkufunzi Ulaya, na nikimnyamazisha aliyekuwa mkekani.

Nikaingia ndani, nikatoa maswali ya karatasi ya tano sandukuni, nikarudi. Yeye alikuwa ameshainuka kwenda jikoni.

"Njoo ukae," nikamwambia.

"Nikae nifanye nini?"

"Uulize."

Akanitazama. Hakuwa akicheka tena. "Na hutanifokea?"

Nilitaka kusema sitakufokea kamwe, nikaona siwezi kuanzia pale. "Nilikukosea," nikasema. "Nisamehe."

Akavuta ungo wake, akaketi kando yangu, akaweka kiganja juu ya goti langu. "Haya," akasema. "Soma mstari wa kwanza."